Tupeane uzoefu: zana za vitendo kwa watoto wa darasa la awali huku kwetu Kusini

Mwalimu wa Newala (mwanzisha mada)
Jana nilimwona mtoto wa jirani akipanga korosho ghafi juu ya mkeka, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la awali. Naomba walimu na wazazi wa Mtwara na Lindi mtueleze shughuli mliyoiandaa kwa nia njema, kisha ikawageuka.

Naanza mimi. Ulikuwa msimu, mwezi wa kumi, na darasani hapakuwa na zana yoyote ya kuhesabia, hivyo nikamwagiza kila mtoto aje na korosho kumi. Kwa nusu saa somo lilikwenda vizuri kuliko yote niliyowahi kufundisha: walitenga kubwa na ndogo, wakaunda mafungu ya mbili mbili na ya tano tano, wakabishana nani amekosea. Kisha nikageukia ubao. Mtoto mmoja wa miaka 5 alitaka kujua kilichomo ndani, akaing'ata moja pamoja na ganda lake. Mafuta ya ganda yalimuunguza midomo na kidevu, na tulipofika zahanati malengelenge yalikuwa yameshajitokeza. Mama yake hubangua korosho kwa kuishi. Alinionyesha vidole vyake vilivyobabuka, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwalimu, sisi hupaka majivu kabla ya kuzigusa. Mwanangu ulimpaka nini?"

Mzazi wa Mikindani
Pole sana, mwalimu. Nimesoma huku nimejishika midomo.

Mwalimu wa Masasi
Tumieni vizibo vya soda, lakini kwanza vigongeni kingo kwa nyundo hadi zilale. Maharage msiyaguse kabisa: mtoto wangu wa darasani aliingiza punje moja puani, ikavimba kwa unyevu, na kuitoa ikawa kazi ya daktari.

Babu wa Tandahimba
Wajukuu wangu wote wamekulia chini ya mikorosho na hakuna aliyeungua. Kosa si la korosho, ni la mwalimu kuwapa watoto mgongo.

Mwalimu wa Newala
Shikamoo babu. Watoto walikuwa 80 nami nilikuwa peke yangu. Upande wowote ambao ningegeukia, wapo ambao ningewapa mgongo.

Mwalimu wa Lindi Mjini
Na mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja! Mimi huwagawa katika kona, kundi moja likifinyanga udongo, jingine likipima maji kwa makopo ya ukubwa tofauti. Maji hayamuunguzi mtu.

Mama wa Kitangari
Maji ya kumwaga, dada yangu? Huku juu kwenye uwanda wa Makonde ndoo ya maji hununuliwa. Mwalimu wetu alipojaribu shughuli hiyo, wazazi watatu walifika shuleni kabla ya mapumziko, na mmojawapo nilikuwa mimi.

Mwalimu wa Lindi Mjini
Basi tumieni mchanga.

Mwalimu wa Masasi
Mchanga hupanda kichuguu juu ya mdomo wa kopo, na mtoto huamini kwamba kopo lenye kichuguu ndilo kubwa. Mpeni kijiti cha kusawazishia, na mwacheni asawazishe mwenyewe, kwa sababu akili yote ya somo hilo imo katika kusawazisha.

Mzazi wa Mikindani
Kwani korosho zilizokaangwa na kumenywa zina ubaya gani?

Mama wa Kitangari
Hazina ubaya, ila utafundisha kutoa tu, kujumlisha hutakufikia.

Mwalimu wa Lindi Mjini
Mwalimu wa Newala, hukutuambia kama mtoto alipona.

Mwalimu wa Newala
Alipona. Aliporudi alikataa kushika chochote nilichomwekea mezani, hata kokoto, mpaka anione nimekishika mimi kwanza. Tangu hapo kila zana mpya huishika, huinusa na huigusisha ulimini nyumbani kwangu, siku moja kabla ya somo.

Babu wa Tandahimba
Marahaba, mwalimu. Mpwa wangu ana duka la soda na vizibo vimejaa nusu gunia. Njoo uvichukue, ila nyundo uje nayo.