Tupeane uzoefu: Jirani mkorofi kwenye onesho la muziki, ulimfanyaje?

Mpenda Chemko

Wakuu, salaam. Nazungumzia muziki wa kupigwa palepale: dansi, taarab, matamasha, hata kwaya. Umelipa kiingilio chako, umekaa, halafu jirani anakuharibia usiku. Anapiga soga kwa sauti, anakuzibia kwa simu, anakumwagia bia. Ukimgusia tu, jibu ni moja nchi nzima: "Kwani umenilipia kiingilio?"

Naanza mimi. Ilikuwa ukumbi mmoja Kinondoni, bendi ya wakongwe. Wapenzi wa dansi mnajua utaratibu: mwanzoni watu wamekaa, wanasikiliza mashairi na magitaa yakijibizana taratibu, na chemko, ile sehemu ya kasi, likiingia ndipo uwanja wa kuchezea unajaa. Sasa meza ya jirani kuna jamaa ananadi kiwanja chake cha Kigamboni, na anakinadi kwenye mashairi! Chemko likiingia ananyamaza, anakunywa. Nilimfuata, nikampa mkono, nikamwambia, "Kaka, hicho kiwanja nakitaka, ila tuongee kwenye chemko, hapa kwenye mashairi tusikilize." Akacheka, akanivutia kiti. Dawa ilishika nyimbo mbili, kisha zikaja bia nyingine na bei ya kiwanja ikapanda.

Nyinyi mlifanyaje?

Binti Ng'ambo

Nyie wa dansi mna afadhali. Huku kwetu Unguja mkorofi haongei, anatunza.

Nieleze kwa wasiojua. Kwenye taarab kumtunza mwimbaji ni ada na ni heshima. Ubeti umekugusa, unainuka na noti yako, unakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, unampa, unarudi kukaa. Basi. Lakini kuna anayeungoja ubeti wa kijembe, akainuka, na badala ya kwenda mbele moja kwa moja anazunguka apite kwa mbaya wake. Noti anaipunga usoni pa mwenziwe, jicho pembe, ndipo anakwenda kutunza. Na yule wa pili naye kashajipanga, ubeti unaofuata ni wake.

Nilikaa katikati ya wawili kama hao. Mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili noti ikanipitia puani, mara ya tatu wote wameinuka pamoja na vijora vinapanda mabegani. Mimi nikainua mkoba wangu tu. Aliyetuokoa ni mwimbaji mwenyewe. Aliwageukia wapiga fidla, akaashiria, ubeti wa kijembe ukarukwa, wakaingia kiitikio, na akatuonesha ukumbi mzima tuitikie. Tukaitikia. Wale wawili wakabaki wamesimama na noti zao, wimbo hauna tena ubeti wa kumsema mtu. Mmoja akatunza kwa aibu, mwengine akaenda chooni.

Tangu hapo namtazama mwimbaji kabla ya kumtazama mkorofi. Mara nyingi keshaona.

Halafu kuna kosa jengine dogo linaniudhi zaidi: kuongea kwenye bashraf, ule muziki wa ala tupu wa taarab. Ile ni kazi kamili, wapigaji wametoa jasho kuijifunza. Kwa vile haina mwimbaji, watu wanadhani bado wanajaribu vyombo.

Kibao Kata

Hao nawajua. "Mbona hawaanzi?" Mwenzako ala za kanuni na udi zishamaliza, wapigaji wanafuta jasho.

Besi Nzito

Mimi napiga besi, kwa hiyo nawaona wote kutokea juu. Mnaolalamika juu ya jirani mmoja mjue sisi tunatazamana naye kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri.

Wa kwanza ni anayepanda jukwaani kushika maiki. Huyo hatugombani naye. Fundi mitambo anaizima maiki yake, anaimba mdomo mtupu huku bendi inaendelea, dakika moja anajisikia peke yake, anashuka. Rapa akiona anasitasita anamtaja jina na kumsifia, "Tunamshukuru bosi wetu." Akishasifiwa ana njia ya kushuka bila kuaibika.

Wa pili anataka wimbo uleule. Mmeshaupiga, anarudi, anasema yeye hakuusikia, alikuwa nje na simu. Huyu tunamwambia "unakuja" usiku kucha.

Wa tatu anabandika noti kwenye paji la uso la mpiga solo, katikati ya solo. Kaka, mikono yote miwili ina kazi! Noti inateleza, inaangukia nyuzi, solo inakufa.

Wa nne sina utani naye: anayewashika wanenguaji. Kwetu kiongozi wa bendi akiona hilo muziki unakatika palepale, taa zinawashwa, na hauendelei mpaka mtu yule ametolewa. Wateja wananung'unika, mwenye ukumbi naye anakunja uso kwa sababu mara nyingi mtu huyo ndiye mwenye meza kubwa. Bendi zinazoogopa meza kubwa zipo, na wanenguaji wao hawakai.

Sauti ya Pili

Mkuu, kwenye hilo la nne tupo pamoja. Niongeze la sisi wateja wa kike. Kuna mwanaume anayejisogeza kwenye msongamano, ukigeuka anajifanya anacheza. Usimchekee, hata cheko la woga yeye analihesabu ruhusa. Ninachofanya nasema kwa sauti, si kwa kunong'ona: "Kaka, rudi nyuma." Watu wakigeuka kutazama, wengi wa wanaume hao wanarudi nyuma.

Asiporudi, mwendee baunsa, lakini usimwambie "kuna mtu ananisumbua." Hilo analisikia kila usiku. Mwambie: shati jekundu, kofia, upande wa kulia wa spika. Unampa kazi ya kufanya. Mimi baunsa wa kwanza aliniambia "huyo ni mlevi tu, msamehe." Nikaenda mlangoni kwa mama anayekata tiketi, akanyanyuka na kalamu yake mkononi akamfuata mwenyewe. Sijui alimwambia nini, shati jekundu sikuliona tena.

Mwananchi wa Eastlands

Hapa Nairobi shida yetu ni simu. Dada mmoja alikuwa mbele yangu, mkono juu tangu wimbo wa kwanza, taa ya simu inawaka, na mimi si mrefu. Nikamgusa bega nikamwambia, "Naona unarekodi vizuri, nitumie baadaye kwa WhatsApp, kwa sababu hapa nilipo mimi naona kiwiko chako pekee." Akaomba radhi, akashusha simu, na kweli akanitumia. Video yenyewe inatikisika, na sauti ni yake akiimba. Msanii haonekani.

Mzee wa Kirumba

Mimi nawapinga wote. Mnataka maktaba au muziki? Ngoma tangu zamani hujibiwa: unapiga makofi, unapiga vigelegele, unaingia uwanjani. Nimetoka Mwanza mpaka Unguja, basi na boti, kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara. Niko ndani ya Ngome Kongwe, bendi imechemka, nainuka kucheza, na nyuma kuna watu wanapiga kelele "Kaa chini!" Kukaa chini ningekaa kwangu na redio.

Binti Ng'ambo

Mzee wangu, shikamoo. Busara ipo tangu 2004 na ugomvi huu tunao kila Februari. Lakini hapo kelele wanapiga nani? Kuna nafasi ya kuchezea mbele ya jukwaa, hapo hata ukipaa hakuna wa kukusema. Anayesemwa ni yule aliyesimama katikati ya waliokaa, na nyuma yake kuna bibi wa watu na mtu mwenye mtoto. Songa mbele ucheze.

Na hao wanaoingia kupiga soga, Forodhani iko ng'ambo ya barabara tu, kuna pweza, kuna urojo, kuna upepo, na maongezi hayana kiingilio.

Mzee wa Kirumba

Marahaba binti. Hilo la kusonga mbele nimelipokea. La urojo nimelipokea zaidi.

Mtoto wa Muscat

Niko huku Oman. Jumba la Opera la Muscat limefunguliwa 2011, na ukienda pale hakuna anayekufundisha adabu, jumba lenyewe linakufundisha. Umevaa kanzu safi na kilemba, simu imezimwa, na mimi siku niliyochelewa nilisubiri mlangoni mpaka walipomaliza kipande. Ukumbi mzima unasikia mtu akikohoa.

Sasa watu walewale, nasema walewale, kwa sura nawajua, wakutane kwenye harusi yenye taarab. Wanaume wanasimama, wanawake upande wao wanatunza, watoto wanakimbia chini ya meza, mtu anamwita mwenziwe kutoka upande wa pili wa ukumbi. Na hakuna anayeudhika. Kwa hiyo Mzee wa Kirumba ana haki yake kidogo. Mimi nikiingia mahala nawatazama waliozoea, wakikaa nakaa. Mkorofi kwangu ni yule anayeona wenzake wote wamenyamaza na bado anaendelea.

Alto wa Jumapili

Nani kataja kwaya? Tamasha la kwaya, baba mmoja alimpenda mkewe mpaka akaja kusimama kati yetu na mwalimu, anampiga picha. Hatumwoni mwalimu, tunaimba kwa imani. Mwalimu hakumfokea. Alimkabidhi kitabu cha nota akishike wazi mbele yake mpaka wimbo uishe. Baba yule alisimama pale kama kinara, mikono yote imeshikwa, simu mfukoni. Wimbo ulikuwa na beti sita.

Kibao Kata

Beti sita! Huyo mwalimu apewe ualimu wa nchi nzima.

Mpenda Chemko

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Besi Nzito, swali: umetutisha na hiyo noti ya kwenye nyuzi. Sisi tunaopenda kutunza tutunze vipi bila kuwa wakorofi?

Besi Nzito

Mwimbaji mpe mkononi akiwa kwenye kiitikio, maana ndipo wenzake wanamsaidia kuimba. Mpiga solo mngoje amalize, au muwekee juu ya spika yake, ataiona. Mpiga tumba na wa dramu msiwaguse kabisa, tupieni miguuni. Bendi nyingine zinaweka ndoo au kapu mbele, hilo ni rahisi kuliko yote. Usipande na chupa mkononi, usimfute mtu jasho kwa noti. Na wapiga besi hatutunzwi kabisa, nimepiga miaka mingi noti zinanipita zikienda kwa solo, kwa hiyo mkitaka kufanya mazoezi anzieni kwangu.