Fila chini ya macho kwa 15,000, niende au niache?

Mama Duka wa Eastleigh
Nina miaka 41, nauza nguo. Nina mashimo chini ya macho, na wateja huniuliza kila siku kama nililala. Wiki jana mmoja alinipa pole ya msiba. Sijafiwa na mtu!

Kuna dada anadunga fila, ile jeli ya kujaza mashimo, kwenye fleti Kilimani, 15,000 macho yote mawili. Nilienda kuchungulia. Sindano zilikuwa kwenye friji ya jikoni, kando ya mtindi na sufuria ya githeri. Nikamuuliza ni ya kampuni gani, akasema "ya Korea" akafunga friji. Nimeshatuma 3,000 za kushika nafasi Jumamosi. Mliofanya, mnasemaje? Msiniambie nijikubali nilivyo, hiyo nimeshaisikia.

Nesi wa Zamu
Dada, mimi ni nesi wa wodi ya macho. Githeri si tatizo sana. Muulize swali moja: una hayaluronidesi hapo ulipo?

Fila nyingi za chini ya macho ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, na hayaluronidesi ndiyo dawa inayoiyeyusha. Mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikisukumwa ndani ya mshipa inaweza kurudi nyuma hadi kwenye retina, sehemu ya jicho inayopokea mwanga, na mtu akapofuka hapo hapo kitini. Ni nadra. Lakini uoni ukishapotea hivyo, mara nyingi haurudi hata dawa ikiwepo. Inachookoa zaidi ni ngozi isioze. Na jeli isiyo ya asidi hiyo haiyeyuki nayo, ndiyo maana jina la boksi lina maana.

Sisi weusi, ngozi iliyokosa damu haionekani nyeupe kama kwenye picha za Wazungu. Inakuwa kama kijivu, au na madoa kama wavu. Bonyeza uone rangi inachukua muda gani kurudi. Maumivu makali, au jicho kuona giza: hospitali dakika hiyo, usingoje asubuhi.

Na akikutolea ile kalamu isiyo na sindano, inayosukuma jeli kwenye ngozi kwa presha, toka. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya dhidi yake 2021.

Shiru wa Roysambu
Mimi nilifanya kwa daktari wa ngozi kabisa, na bado nilijuta. Jeli hiyo huvuta maji. Nikila chipsi usiku, asubuhi niko na vijimto viwili. Kushoto iliwekwa juu juu mno, ikaleta rangi ya samawati. Niliiona kwenye kioo cha matatu pale Githurai, nikadhani ni wanja umemwagika. Niliishi nayo miezi minane, kisha akaiyeyusha.

Kabla ya yote, shika kioo, mtu akumulike tochi usoni moja kwa moja. Giza likiisha, ni kivuli cha shimo, fila inaweza kusaidia. Likibaki, ni rangi ya ngozi, na hakuna jeli ya kuitoa. Na kama ni mifuko imevimba, fila inaweza kuizidisha.

Kaka wa Donholm
Jina kamili la huyo dada wa Kilimani liandike kwenye tovuti ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Rejista ya madaktari iko wazi kwa kila mtu.

Mama Duka wa Eastleigh
Nimerudi. Jina halipo. Nikampigia, nikamuuliza hayaluronidesi, akasema, "Hiyo ni ya nini? Mimi sijawahi kupata shida." Halafu binti yangu akanimulika na tochi ya simu: upande wa kulia kivuli kimeisha, wa kushoto giza limebaki pale pale, kama la marehemu mama yangu. Kwa hivyo hata angekuwa daktari, ningelipia jicho moja.

Nimefuta Jumamosi. Zile 3,000 amesema hazirudi. Yule mteja wa pole aje sasa, msiba upo.