Naomba ushauri: vijana wanne wameninyamazishia darasa la Kiingereza

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, shule ya kata huku Rungwe. Wanafunzi 74, chumba kimoja. Msingi walisoma kwa Kiswahili miaka 7, kwa hiyo kufungua mdomo tu ni kazi. Sasa kuna vijana wanne wa nyuma, mtu akikosea wanapiga mluzi. Juzi binti kasema "he go", wakambandika jina Higo mpaka kwenye foleni ya makande. Tangu siku hiyo anaandika tu, haongei. Fimbo sitaki, mwaka jana niliona inawafanya sugu. Nimewahamishia mbele, wanazomea karibu na sikio langu! Upimaji wa taifa ni Novemba. Mlio na uzoefu, watu hawa mnawashikaje?