Kikundi: Alizeti ya Bibi 🌻

Halima, 08:02: Assalamu alaykum. Baba mdogo Rajabu yuko Kariakoo leo tu, jioni anapanda basi kurudi Singida. Kabla ya saa 8 mchana tuwe tumekubaliana PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendesha mashine ya kujazia mafuta. Hamisi, taja hesabu yako.

Hamisi, 08:15: Shikamoo dada. Ishara zinazoingia kwenye PLC 7: kitufe cha kuwasha, cha kuzima, sensa ya chupa, boya la tangi, ovalodi ya pampu (kinga ikizidiwa), mita 2 za mafuta. Amri zinazotoka 6: pampu, konveya, geti la chupa, vali 2, taa. Stopu ya dharura itakata kontakta, swichi kubwa ya umeme, moja kwa moja, siitegemezi programu.

PLC ya Delta ya 8 kwa 6 (8 za kuingia, 6 za kutoka) inatosha, ila tukiongeza hata kimoja cha kutoka, bila kipanuzi tumekwama. Mimi naona Siemens LOGO 12/24RCE (ya volti 12 au 24) na kipanuzi chake cha kuongeza nafasi, tunapata 12 kwa 8. Ina kioo na vitufe, dada utabadilisha ujazo mwenyewe bila kuniita.

Halima, 10:40: Watu 19 mmesoma, kimya. Semeni basi!

Asha, 10:52: Mi nilidhani PLC ni chama kipya 😂

Salum, 10:53: Nagombea uenyekiti 😂😂

Mama Asha, 11:05: Jamani lile sufuria langu kubwa la arusi liko kwa nani?

Halima, 11:06: Sufuria baadaye!!

Shangazi Zaituni, 12:20: Mita za nini? Si tulikuwa na taima?

Halima, 12:24: Shangazi, asubuhi ya Juni mafuta yanakuwa mazito kwa baridi. Taima ileile, chupa inatoka pungufu. Jua likipanda, inamwagika. Mita inapima mafuta yenyewe, si muda. Umesahau chupa zilizorudishwa sokoni? Niliona aibu mimi.

Salum, 12:31: Kabla ya kununua tuseme ukweli. Mwaka juzi tulichanga, fundi akafunga programu kwa nywila, akapotea, mashine ikalala wiki 3 alizeti ziko gunia. Nani alimleta?

Shangazi Zaituni, 12:33: Salum, usinianze. Mchango wako wa mwaka huo uliutoa?

Rajabu, 12:51: [picha] Hii LOGO ya 230, unachomeka umeme wa ukutani, haitaki pawasaplai ya kushusha volti. Bei nzuri. Nilipe?

Halima, 12:52: Lipa baba mdogo, muda unakwenda.

Hamisi, 13:19: USILIPE baba mdogo! Samahani nilikuwa juu ya nguzo. Mita inahesabu mafuta kwa mapigo ya umeme. Hiyo ya 230 haihesabu zaidi ya mapigo 4 kwa sekunde, na mita inatoa makumi. Ya 12/24 ina miguu ya kuingizia I3 hadi I6 inayofika 5,000. Tukichukua ya 230, mita zote ni pambo.

Bibi, 13:44: Nimesomewa yote. Zaituni alileta fundi kwa nia njema, muacheni. Kosa letu sote ni kumwachia mtu mmoja ufunguo wa nyumba. Hamisi, wewe ni mjukuu wangu, lakini nakala ya programu aiweke Halima, nyingine niletewe mimi kabatini, nywila iandikwe kwenye daftari la kiwanda. Bila hivyo pesa yangu ya alizeti msiiguse.

Shangazi Zaituni, 13:50: Ahsante mama.

Salum, 14:02: Shikamoo Bibi. Nisamehe shangazi.

Hamisi, 14:05: Nimekusikia Bibi. Programu inaingia kwenye kadi ndogo kama ya simu, nitaleta mbili.

Rajabu, 14:37: Duka la pili wana ya 12/24. Kipanuzi hawana, wanasema wiki ijayo. Nichukue kichwa peke yake?

Hamisi, 14:39: Peke yake inatoa 4 tu: pampu, konveya, vali 2. Geti itabidi mtu asimame. Usisahau pawasaplai ya volti 24.

Halima, 14:40: Chukua, tutaanza hivyo. Salum na Asha, mchango wenu bado.

Mama Asha, 15:10: Geti atasimama nani?

Halima, 15:58: Baba mdogo, umelipa? Tuma picha ya ubavuni, nisome imeandikwa 12/24 au 230.

Halima, 17:26: Baba mdogo?