Mlezi wa kitaaluma ninaye, vikao havizai kitu. Nipeleke nini mezani?

Mdodosaji

Wakuu habari za kazi. Naomba kuelekezwa. Uzamivu wa epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) nimemaliza, sasa ni mhadhiri wa mwaka wa kwanza. Idara imenipangia mlezi, yaani mkubwa wa kuniongoza kikazi, na huyo huyo ndiye mkuu wa idara. Vikao vyetu ni "unaendeleaje?", "naendelea vizuri, profesa", basi tunaagana.

Nauliza matatu. Kwanza, kikao cha ulezi kinachofaa kina nini ndani yake, na kiwe kila baada ya muda gani? Pili, kwenye mradi mkubwa wa idara nimefanya uchambuzi wote wa data, rasimu imekuja jina langu likiwa la saba. Hii nipeleke kwa mlezi au niiache? Tatu, ni wakati gani wa kuanza kuomba ruzuku ya utafiti wangu mwenyewe?

Natanguliza shukrani.

---

MzeeWaItifaki

Hapo penye "huyo huyo ndiye mkuu wa idara" ndipo pa kuanzia. Anayesaini tathmini yako ya mwaka hawezi kuwa sikio lako pekee. Mbele yake hutasema kwamba uandikishaji wa washiriki umekwama, au kwamba modeli ya takwimu uliyoitumia huielewi vizuri, maana maneno hayo yana mahali pa kuandikwa. Usimkatae, bali muongezee wenzake. Mtafiti mchanga wa afya anahitaji watu watatu hivi: mmoja wa fani yake, mmoja wa mbinu (mara nyingi mtakwimu, au bingwa wa utafiti wa maelezo, usio wa namba, kama ndiyo njia yako), na mmoja wa nje ya idara anayejua njia ya kupanda ngazi na hana faida wala hasara kwa wewe kufaulu. Mkuu wa idara mtumie kwa kile ambacho wengine hawawezi: kukutaja jina kwenye vikao ambavyo wewe huingii, na kukupunguzia mzigo.

Muda: miezi 3 ya mwanzo kila wiki mbili, dakika 45. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Mkizidisha miezi miwili bila kikao, kila kikao kitageuka cha kukumbushana mlipoishia.

Kabla ya kikao, saa 48 hivi, tuma ukurasa mmoja wenye mambo manne: nilichoahidi mara iliyopita na kama kimefanyika, kilichokwama na kwa nini, uamuzi mmoja ninaohitaji leo, nitakachomaliza kabla ya kikao kijacho, chenye tarehe. Huo uamuzi mmoja ndio roho ya kikao. Linganisha maswali haya kuhusu wapitiaji, yaani wasomi wanaoikagua makala kwa niaba ya jarida:

"Profesa, wapitiaji wameirudisha makala, nifanyeje?"

"Mpitiaji wa pili anataka modeli ya peke yake kwa watoto chini ya miaka 5. Wako 84, waliopata tukio tunalolipima ni 9, na modeli ina vigezo 6. Nakataa kabisa, au naweka hesabu na asilimia tu kwenye kiambatisho na kueleza kwa nini sikuweka modeli?"

La kwanza litakupatia "soma maoni yao vizuri". La pili linajibika kwa dakika nne. Matukio 9 kwa vigezo 6 ni tukio moja na nusu kwa kigezo, wakati kanuni ya kizamani ya angalau matukio 10 kwa kila kigezo inajulikana na kila mpitiaji, hata wanaoipinga. Modeli itatoa namba, ila makadirio yake yatayumba ukigusa kigezo kimoja tu. Kwa hiyo weka kiambatisho, eleza kwa sentensi mbili, songa mbele. Mlezi atakuongezea usilolijua: kama mhariri wa jarida lile husikiliza hoja za namna hiyo au humfuata mpitiaji.

Kikao kikiisha, siku hiyo hiyo andika mistari mitano ya mliyokubaliana na umtumie. Wengi huona aibu kufanya hivi, wakidhani wanamfunga mkubwa. Kumbe wakubwa husahau, na wanashukuru kukumbushwa.

---

KalamuYaPili

Mimi nachukua la jina la saba.

Tofautisha mambo mawili: nani awemo, na nani akae wapi. La kwanza lina kanuni. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, ina masharti manne na yote lazima yatimie: mchango mkubwa katika kubuni utafiti, au kupata, kuchambua au kufasiri data; kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kuleta fedha peke yake, kusimamia ofisi peke yake au kukusanya data peke yake hakutoshi, hao wanaenda kwenye sehemu ya shukrani. Na kuna kipengele ambacho wachanga hawakisomi: aliyetimiza sharti la kwanza anatakiwa apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuidhinisha. Yaani mtu hawezi kukunyima rasimu kisha akasema hukuandika.

La mpangilio halina kanuni ya namna hiyo. Ni makubaliano ya waandishi wenyewe. Kwa desturi ya sayansi za afya, wa kwanza ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye mkubwa aliyeiongoza, na katikati ni katikati. Kamati ya kupandisha vyeo haitofautishi sana nafasi ya nne na ya saba. Kwa hiyo kupigania kutoka saba hadi nne ni kuchoma mkaa mwingi kwa chai ya kikombe kimoja. Kama uchambuzi wote ni wako na nusu ya sehemu ya matokeo umeiandika wewe, omba nafasi ya pili kwa hoja. Kama hukuandika neno, ombi lenye thamani zaidi ni hili: "Naomba makala ijayo kutoka data hii niongoze mimi, swali lake ni hili, na ikisiri yake (muhtasari) hii hapa." Nenda nayo imeandikwa. Mkuu wa mradi hukataa malalamiko kirahisi, ila kukataa ikisiri iliyo tayari ni kazi.

Kwa miradi inayokuja, jedwali la uandishi liandikwe kabla ya uchambuzi kuanza. Mistari ni majina, safu ni kazi. Mfumo wa CRediT, unaotumika kutaja mchango wa kila mwandishi, una kazi 14 zilizokwisha kutajwa (kubuni wazo, mbinu, programu, uchambuzi, uchunguzi, kuandika rasimu ya kwanza na kadhalika), na majarida mengi yatakuomba orodha hiyo mwishoni hata hivyo. Weka tarehe ya kulipitia upya, na sharti la muda: anayeongoza asipotoa rasimu kamili ndani ya siku 90 tangu matokeo yakamilike, nafasi inajadiliwa upya. Bila sharti hilo makala hulala droo ya mkubwa mpaka data izeeke.

---

Mdodosaji

Nimewaelewa, asanteni sana. Swali dogo katikati: ukurasa naweza kuuandaa, ila muda wa kuandika makala zenyewe ndio siuoni. Mlezi ananiambia "panga muda wako".

---

WastaniNaMkengeuko

Mkuu, "panga muda wako" ni ushauri wa mtu ambaye hajaona hesabu yako. Mpelekee hesabu.

Chukua wiki ya saa 40. Vipindi darasani 6. Maandalizi, kwa kozi mpya, saa 2 kwa kila kipindi, hiyo 12. Kusahihisha 4. Wanafunzi unaowasimamia 5. Kamati 3. Barua pepe, fomu na utawala 7. Jumla 37. Zimebaki 3. Kwa wiki 44 za kazi ni saa 132 kwa mwaka. Makala moja, kutoka data safi hadi kuwasilishwa, hata ukiikadiria saa 150, hujaifikia. Na kwenye mpango wako wa mwaka umeandika makala mbili. Kila mtu amesaini, na kila mtu anajua namba hazijumliki.

Sasa muulize mkuu wa idara swali lenye jibu: kozi zile zile zibaki kwangu kwa miaka mitatu mfululizo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaomba kupunguziwa vipindi. Vipindi idara haiwezi kupunguza kirahisi, ila kutokubadilishia kozi hakugharimu kitu, na mwaka wa pili maandalizi ya saa 12 yanashuka hadi 5 au 6. Saa zilizookolewa zifunge katika vipande viwili vya saa tatu tatu, siku maalumu, asubuhi. Usizigawe nusu saa nusu saa. Kurudi ndani ya uchambuzi ulioacha Jumanne kunakula dakika 20 kabla hujaandika mstari.

Kuhusu ruzuku, anza sasa. Sababu ni kwamba ruzuku nyingi za watafiti wachanga zinahesabu miaka tangu uzamivu, na saa hiyo inakimbia usingizini pia. Likizo ya uzazi au ugonjwa kwa kawaida huongezewa muda, lakini ni lazima uombe mwenyewe na vielelezo. Panda ngazi: kwanza fedha ndogo za utafiti wa majaribio, kisha ruzuku ya kujiendeleza chini ya walezi, halafu ya kujitegemea. Kuna zinazounganisha hatua mbili, kama K99/R00 ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani: hadi miaka 2 chini ya mlezi, kisha hadi 3 ukiwa na nafasi yako mwenyewe.

Maombi ya ruzuku za aina hii hufeli katika sehemu tatu.

Malengo yanayotegemeana. Lengo la 1: kutengeneza dodoso. Lengo la 2: kulitumia kwa wagonjwa. Lengo la 3: kujaribu tiba kwa waliopatikana na dodoso. Dodoso likifeli, miaka mitatu imekwenda. Panga ili lengo la 2 liweze kufanyika kwa kipimo kilichopo tayari.

Mpango wa mafunzo usiogusa malengo. Mwombaji anaorodhesha kozi sita kama menyu. Andika kinyume: lengo la 3 linahitaji modeli ya ngazi nyingi kwa sababu wagonjwa wamo ndani ya zahanati, sijawahi kuitumia, nitasoma kozi ya wiki 10, kisha vikao viwili kwa mwezi na mtakwimu fulani kwa miezi 6, ushahidi ni makala ya lengo la 3.

Barua ya mlezi. "Ni kijana mwenye bidii na nidhamu" haina uzito. Barua inatakiwa iseme saa ngapi kwa mwezi atakupa, data au maabara gani utaitumia, na hasa ni sehemu gani ya utafiti itakuwa yako hata mkitengana. Mwandikie vipengele hivyo mwenyewe, wiki 10 kabla ya tarehe ya mwisho. Ukurasa wa malengo uwe umezunguka kwa watu watatu wiki 16 kabla, rasimu kamili wiki 6 kabla, bajeti ofisi ya fedha wiki 4 kabla. Ofisi ya fedha haina haraka yako.

Na makala moja angalau bila jina la msimamizi wako wa uzamivu. Wapitiaji wa ruzuku huitafuta kimya kimya.

---

BiTakwimu

Nakubaliana na wengi hapo juu ila napingana na MzeeWaItifaki kuhusu ukurasa wa saa 48. Kwa mlezi ambaye ni daktari wa wodini, kiambatisho hakifunguliwi. Anasoma kwa simu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Weka swali la uamuzi kwenye kichwa cha barua pepe, mistari minne ndani ya mwili wa barua, na kiambatisho kwa atakayependa.

Jambo lingine halijaguswa: kuachana. Kwenye makubaliano ya maandishi ya kwanza kati yako na mlezi weka kwamba baada ya miezi 12 mtatathmini kama mwendelee, na kwamba yeyote anaweza kusema basi bila kueleza sababu. Likiwa limeandikwa mwanzoni, kuondoka si dharau. Lisipoandikwa, mtu anakaa na mlezi asiyemfaa miaka minne kwa heshima. Dalili za kuondoka mapema: anaomba awemo kwenye kila makala hata asiyoigusa, au rasimu inakaa kwake zaidi ya wiki sita mara tatu mfululizo.

---

Mdodosaji

Hayo makubaliano ya kwanza anayaandika nani, mimi au yeye? Naona kama nitamkosea adabu.

---

MzeeWaItifaki

Wewe. Ukurasa usiozidi mmoja, juu andika "Rasimu kwa marekebisho yako, profesa", na acha nafasi mbili wazi azijaze yeye: mara ngapi mtakutana, na jambo gani hatapenda kuulizwa. BiTakwimu, la kichwa cha barua pepe nimelichukua.