Racheti ya mhimili A: meza inakaa sawa jino moja, jino linalofuata inaacha mwanya

MenoIshirini_na_4:
Wakuu, naomba msaada. Meza ya kuzungusha ya mashine yangu ya CNC (mhimili A) ina racheti, yaani gurudumu la meno linaloenda upande mmoja, ya meno 24 (15° kwa jino), ulimi unazuia kurudi nyuma. Stepa (mota ya hatua) ni ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva yake ipo 1/8 (kila hatua inagawanywa mara 8), mkanda 1:6 (mota mizunguko 6, meza mmoja). Kwa kila jino naipitisha 4° mbele, narudisha 6° ili iegemee ulimi, kisha G92 (amri ya kuiambia mashine iko pembe ipi) yenye pembe ya jino. Dayo geji (kipimo cha sindano) iliyo mm 60 kutoka katikati inasoma sifuri jino moja, linalofuata inaonyesha mwanya wa mm 0.43. Nimekaza mkanda, hakuna badiliko. Nibadilishe ulimi?

PalsiNaHatua:
Ulimi uache. Hesabu: palsi moja ni msukumo mmoja wa umeme, moja ya nane ya hatua. 200 × 8 × 6 = palsi 9600 kwa mzunguko wa meza, 400 kwa jino. Katika zile 6°, 4 zinakufikisha kwenye ulimi. 2 zinazobaki ni palsi 53 za kusukuma ukuta.

Stepa ikizidiwa haipotezi palsi moja moja. Uga wa sumaku ukiizidi rota (sehemu ya mota inayozunguka) kwa hatua kamili 2 (palsi 16), rota huruka na kupoteza hatua kamili 4 za hesabu, yaani palsi 32, ambazo mezani ni 1.2°. Ukiendelea kusukuma, inaruka tena kwenye palsi ya 48. Kwa hiyo 53 − 64 = −11: meza imesimama palsi 11 mbele ya ulimi, 0.41°. Kwenye mm 60 hiyo ni mm 0.43 yako kamili.

Halafu G92 inaibatiza pembe hiyo yenye kosa kuwa ndiyo sahihi. Safari inayofuata msukumo unapungua hadi palsi 42, inaruka mara moja tu, meza inaegemea vizuri. Ndiyo maana mwanya unakuja na kupotea.

MenoIshirini_na_4:
Kumbe! Basi nisukume kiasi gani?

PalsiNaHatua:
0.3°, yaani palsi 8, hatua moja kamili. Hapo ndipo stepa inasukuma kwa nguvu kubwa kuliko zote, na bado uko mbali na palsi 16 za kuruka. Kwa jino la 45°:

G0 A49
G4 P0.3
G1 A44.7 F300

G4 inaupa ulimi muda wa kudondoka. Angalia kidhibiti chako: kwingine P ni sekunde, kwingine milisekunde. Usirudi kwa G0 (mwendo wa kasi kamili), kwani kishindo cha kugonga ulimi kinatosha kuirusha rota. G92 iondoe kabisa. Hatua zisipopotea hakuna cha kusahihisha.

GejiMkononi:
Yote hayo yanategemea sifuri. Washa, pita jino la kwanza, rudi kwa jogi (kusogeza kidogo kidogo kwa vitufe) ya 0.0375° (palsi moja) ukitazama geji. Sindano ikiacha tu kusogea, simama, andika G10 L20 P1 A0 ili hapo pawe sifuri. Ukizidisha palsi tano au sita hapo, umekula sehemu kubwa ya nafasi yako ya usalama.

Kisha zungusha meno yote 24. Jino lililokatwa vibaya kwa zaidi ya 0.3° upande mmoja halitaguswa, upande wa pili litarusha rota. Kwa meno hayo weka pembe yake halisi kwenye programu. Ila tusidanganyane: hilo linaokoa hatua tu. Pembe ya kipande inaamuliwa na jino, na programu haiwezi kulinyoosha.

PalsiNaHatua:
Naongeza: draiva nyingi hupunguza mkondo hadi nusu mota ikisimama. Ulimi haushikilii upande wa mbele, hapo unategemea mota peke yake. Zima hiyo nusu (mara nyingi ni swichi namba 4), na panga mkato usukume meza kuelekea ulimi. Mkato ukilazimika kwenda kinyume, funga breki.

MenoIshirini_na_4:
Nimeweka 0.3° na kuondoa G92. Mizunguko mitatu, geji haivuki mm 0.02 isipokuwa jino la 17, mm 0.11. Hilo nadhani pembe yake ni ya kwenda kwenye faili la programu.

GejiMkononi:
Safisha kwanza. Chipu moja (kipande cha chuma kilichokatwa) chini ya ulimi inatosha kutoa mm 0.11.