Kikundi cha familia: kiu ya pombe jioni

Kaka Mkubwa: Shikamooni wazee. Tangu nitoke wodini kutibiwa ulevi, mchana naweza kukaa bila kunywa. Ikifika saa kumi na mbili jioni ndiyo kazi. Sasa hivi miguu inataka kwenda glosari yenyewe.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kusema. Kunywa maji, sali.

Mjomba: Jikaze, wewe mwanaume.

Dada Nesi: Mjomba shikamoo. Akipigana na kiu ataifikiria usiku kucha. Kaka, uko wapi?

Kaka Mkubwa: Barazani.

Dada Nesi: Kaa hapohapo, nyayo chini. Usiifukuze kiu, iangalie. Unaisikia wapi mwilini?

Kaka Mkubwa: Kooni. Na kifua kimebana.

Dada Nesi: Sawa. Fuata pumzi ikiingia na kutoka. Akili ikikimbilia glosari, irudishe kwenye pumzi, usijigombeze. Kiu hupanda kama wimbi kisha hushuka hata usipokunywa, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Shangazi: Hii ya kuangalia pumzi si ya Wabuddha? Mchungaji atasemaje?

Dada Nesi: Asili yake ni huko Shangazi, sikufichi. Ila hii ya kutibu ulevi haina ibada. Mwanasaikolojia Alan Marlatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, Marekani, waliitungia mafunzo ya wiki 8 kwa watu waliokwisha kutibiwa, wasirudie. Mwaka 2014 Sarah Bowen na wenzake walitoa matokeo ya watu 286: baada ya mwaka, waliofundishwa hivi walikuwa wamepunguza siku za kunywa kupita kiasi kuliko waliopata tiba nyingine. Sala zako endelea nazo, zinamsaidia.

Mama Mdogo: Basi nimfundishe jirani yangu, yule anayeanza asubuhi, aache leo?

Dada Nesi: Hapana Mama Mdogo, tafadhali! Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Mpeleke hospitali kwanza. Kaka naye alianza na dawa na vitamini B1 wodini. Haya ya pumzi yanakuja baadaye, na kliniki haiachwi.

Kaka Mkubwa: Ilipanda sana nikataka kunyanyuka. Sasa koo limelegea kidogo.

Dada Nesi: Usisimame bado. Endelea.

Mjomba: Nakuja na chai ya tangawizi. Na kesho saa hiyohiyo nitakaa naye, tuvute pumzi wote.

Dada Nesi: Asante Mjomba. Ukifika usimsemeshe mpaka amalize.